Maswali ya Wasomaji: Babu Aliyetoka Kisiwa cha Rhodes

Katika toleo lililopita safu hii ilieleza kwa ufupi jinsi Wayahudi wa Rhodes, kisiwa cha Ugiriki kilicho karibu na pwani ya Uturuki, walivyohamia Katanga tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wakafungua maduka na biashara ya samaki, na kufikia mwaka 1930 wakawa na sinagogi lao mjini Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Barua nyingi zilitufikia kutoka kwa wajukuu wa watu hao. Tumechagua tatu, na majina ya waandishi hatuyataji, kama walivyotuomba.

SWALI: Mhariri mpendwa, baba mzazi wa mama yangu alizaliwa Rhodes, akaja Katanga akiwa kijana, akafanya biashara ya samaki wa mto Luapula. Aliishi na nkambo yetu, yaani bibi, mwanamke wa Kasenga, wakazaa watoto watatu, lakini ndoa yao haikuandikishwa popote. Baada ya biashara za wageni kutwaliwa na serikali mwishoni mwa mwaka 1973, aliondoka kwenda Ubelgiji, na huko akafariki. Nkambo yu hai, umri wake umepita miaka themanini, na chini ya kitanda chake ana mkebe wenye picha mbili na barua iliyoandikwa kwa herufi ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma. Nianzie wapi? Na je, nina haki ya kusema kwamba ukoo ule ni wangu pia? — Mjukuu, Lubumbashi

JIBU: Dada yetu, anza na nkambo, na uanze wiki hii. Karatasi zilizohifadhiwa Ulaya zimekaa miongo mingi na zitaendelea kukaa. Mtu aliyepita miaka themanini hatuna ahadi naye.

Wengi wanaotuandikia hudhani kwamba kumbukumbu za Wayahudi wa Rhodes ziko kwenye majumba ya makumbusho ya nchi za mbali, nao wajukuu wa Katanga wanapaswa kwenda kuziomba huko kama wageni. Ninalikataa wazo hilo kwa moyo wangu wote, na sababu yake iko katika historia yenyewe. Jumuiya ile ilikuwa ya kale, na iliongezeka sana pale Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 walipopata makao katika Dola ya Uturuki, wakaendelea kusema kwa zaidi ya miaka mia nne Kihispania chao cha zamani kinachoitwa Ladino. Italia ilikitwaa kisiwa mwaka 1912. Umaskini uliwasukuma vijana kuhama, na wale waliokuwa wamesoma Kifaransa katika shule za Alliance Israélite Universelle, shirika la Wayahudi wa Ufaransa, waliiona Kongo ya Wabelgiji kuwa mahali ambapo lugha isingekuwa kikwazo. Mwaka 1938 Italia ilitunga sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi, na wengine wakaondoka wakati huo. Waliobaki, zaidi ya watu 1,600, walikamatwa na Wajerumani, wakapakiwa kwenye mashua tarehe 23 Julai 1944, wakasafirishwa hadi bandari ya Piraeus na kisha kwa treni ya mizigo hadi kambi ya mauaji ya Auschwitz, walikofika tarehe 16 Agosti. Walionusurika walikuwa kiasi cha 150 tu. Ina maana kwamba mama, wajomba na majirani ambao wangesimulia utoto wa babu yako waliuawa karibu wote, na kilichobaki cha maisha yale kilibaki kwa waliokuwa wamekwisha kuhama na kwa watu walioishi nao nyumba moja. Nkambo yako ni mmoja wa watu hao. Kumbukumbu za Rhodes zimehifadhiwa kwa Kifaransa, Kiitaliano na Ladino, na zimehifadhiwa kwa Kiswahili na Kibemba pia, ila hizi za mwisho hazijaandikwa.

Unapokaa naye, usimwambie akusimulie maisha ya babu, kwa sababu ombi pana kama hilo humfanya mzee aseme tu kwamba babu alikuwa mtu mwema, na mazungumzo yakaishia hapo. Mwonyeshe picha moja, umwulize ni nani aliyesimama pembeni na nyumba ile ilikuwa mtaa gani. Mwulize babu alikula nini Ijumaa jioni na kama kulikuwa na chakula alichokikataa, alitamka maneno gani alipokasirika au alipombembeleza mtoto, aliimba nini, ni siku gani za mwaka hakufungua duka, na kama kulikuwa na wakati wa mwaka, hasa mwezi wa Julai au Agosti, ambapo alikaa kimya au kuwasha taa kwa ajili ya marehemu wake. Maneno ya kigeni anayoyakumbuka yaandike kama anavyoyatamka, hata kama huyaelewi, kwa maana mtu anayejua Ladino anaweza kuyatambua baadaye. Zungumzeni kwa lugha aliyoizoea, iwe Kibemba au Kiswahili cha Lubumbashi, wala usimsahihishe ili aseme Kiswahili sanifu. Nusu saa kwa siku inatosha. Rekodi kwa simu kwa ridhaa yake, na mwanzoni mwa kila rekodi taja tarehe, mahali na waliopo, kisha weka nakala mahali pasipopungua patatu, mojawapo pakiwa nje ya nyumba yenu.

Jambo moja zaidi kuhusu nkambo, nalo husahaulika sana: mwulize pia habari zake mwenyewe, za wazazi wake, za Kasenga ya utoto wake, na za miaka aliyolea watoto watatu baada ya mwenzake kuondoka. Hakuwa dirisha la kumwangalia babu tu. Akikuambia kwamba sehemu fulani isiandikwe au isitolewe nje ya ukoo, liheshimu hilo kabisa.

Kuhusu mkebe, usiibandike barua hiyo kwa gundi ya utepe wala usiipeleke ikafunikwe kwa plastiki ya moto, kwa kuwa vyote viwili huharibu karatasi na haviondoleki. Ipige picha pande zote mbili kivulini mchana, pamoja na bahasha na stempu zake kama zipo, kisha uiweke ndani ya karatasi safi nyeupe, mbali na unyevu. Nyuma ya picha andika majina kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino. Herufi msizoweza kuzisoma huenda ni Solitreo, mwandiko wa mkono wa Kiebrania ambao Wayahudi wa Rhodes na wa miji mingine ya Dola ya Uturuki waliutumia kuandika Ladino. Hata anayesoma Kiebrania cha leo hushindwa kuusoma, kwa hiyo usikate tamaa iwapo mtu wa kwanza utakayemwonyesha atasema hajui. Wako wataalamu wachache wanaousoma katika vyuo vinavyofundisha Ladino, na picha nzuri ya barua inawatosha.

Sasa tuje kwenye majina, mahali ambapo utafutaji mwingi hukwama. Mwanamume yuleyule angeweza kuitwa Moshe sinagogini, Mosè kwenye karatasi za Waitaliano, Moïse kwenye kibali cha Wabelgiji, na jina la utani la Kiswahili pale sokoni, ambalo pengine ndilo pekee wazee wa Kasenga wanalolikumbuka. Andika yote, na utafute kwa yote. Jina la ukoo nalo hubadilika kwa herufi moja au mbili kutoka karatasi hadi karatasi, kulingana na sikio la karani. Zaidi ya hapo, Wayahudi wa asili ya Hispania, tofauti na wenzao wengi wa Ulaya ya Mashariki, huwapa watoto majina ya mababu hata kama mababu hao bado wako hai: kwa kawaida mwana wa kwanza huitwa jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama, na mabinti hufuata utaratibu huohuo kwa upande wa bibi. Desturi hiyo haitakushangaza wewe unayetoka Katanga. Tazama basi jina la mjomba wako mkubwa, kwa sababu babu yako, hata bila kuandikisha ndoa, huenda alimpa mwanawe jina la baba yake aliyemwacha Rhodes, na kwa jina hilo moja unaweza kuupata mlango wa kizazi kingine. Jihadhari pia na kosa ambalo limepoteza muda wa wengi: Rhodes ya kisiwani, ambayo kwa Kiitaliano huandikwa Rodi, siyo Rhodesia, na makarani wa zamani wamewahi kuchanganya hizo mbili, hasa kwa kuwa Wayahudi wengine wa kisiwa hicho walikwenda kweli kuishi Salisbury, yaani Harare ya leo.

Ukishapata majina, yako mahali pa kuandikia. Makumbusho ya Kiyahudi ya Rhodes, yaliyoanzishwa mwaka 1997 ndani ya sinagogi la Kahal Shalom na mwanasheria wa Los Angeles mwenye asili ya kisiwa hicho, hukusanya picha na nasaba za familia zilizotawanyika. Kituo cha CDEC cha Milan, kinachotunza nyaraka za Wayahudi wa Italia, kimeorodhesha waliopelekwa kambini kutoka Italia na kutoka visiwa ilivyovitawala, Rhodes ikiwemo. Yad Vashem ya Jerusalem, taasisi ya kuwakumbuka Wayahudi waliouawa na Wanazi, hutunza Kurasa za Ushuhuda, fomu ambazo ndugu wa waliouawa walijaza kwa mikono yao, na fomu hizo mara nyingi huwa na hazina isiyotarajiwa, yaani jina na makazi ya aliyezijaza. Ukikuta fomu ya dada wa babu yako iliyojazwa na mpwa wake akiwa Brussels au Cape Town, umempata ndugu, si karatasi tu.

Umeuliza kama ukoo ule ni wako. Swali la kuwa Myahudi kidini lina kanuni zake, na kwa sheria ya jadi ya Kiyahudi mtoto hufuata mama, hivyo marabi wengi wa jadi hawatakuhesabu kuwa Myahudi kwa sababu ya babu mzaa mama peke yake. Hilo ni la dini, nao wana haki ya kuongozwa na dini yao. Ukoo ni jambo jingine. Babu wa mtu ni babu yake, na hakuna ofisi wala sinagogi linaloweza kulifuta hilo. Hauko peke yako: Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, ni mtoto wa Myahudi wa Rhodes na mama Mkongo, na jambo hilo linajulikana na kila mtu. Lisemeni na ninyi kwa sauti ya kawaida.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari katika Katanga ya Juu. Katika makaburi ya mji wetu kuna mawe kadhaa yenye maandishi ya Kiebrania, mengine yameanguka, na hakuna wa familia anayekuja. Ningependa kuyapiga picha pamoja na wanafunzi. Je, inafaa, na tarehe zake zinasomwaje? — Mwalimu, Katanga ya Juu

JIBU: Inafaa, Mwalimu, ila kwanza uwe na ruhusa ya wasimamizi wa makaburi, na uwaarifu viongozi wa jumuiya ya Kiyahudi ya Lubumbashi, ambayo imekuwa ndogo sana. Kutembelea makaburi siku ya Jumamosi haifai, kwa kuwa ni Sabato. Mawe yasisuguliwe kwa brashi ya chuma wala sabuni kali, yasipakwe chaki ili maandishi yaonekane, na lililoanguka lisiinuliwe na wanafunzi. Maji safi na kitambaa laini vinatosha, na mwanga wa asubuhi unaokuja kwa upande huyatokeza maandishi yaliyofifia vizuri kuliko dawa yoyote. Mkikuta vijiwe vidogo juu ya kaburi msiviondoe. Huwekwa na waliozuru, kama ishara kwamba marehemu amekumbukwa.

Wanafunzi wako watafurahi kujua kwamba kwenye mawe hayo mtu hutajwa pamoja na baba yake, kwa neno ben kwa mwanamume na bat kwa mwanamke, sawasawa na bin na binti tunavyovitumia sisi, kwa kuwa Kiebrania na Kiarabu ni lugha za jamaa moja. Ukiwa na majina mawili kwenye kila jiwe, unaweza kuyaunganisha mawe yenyewe kwa yenyewe: baba kwenye jiwe hili ni marehemu kwenye jiwe lile. Kwa njia hiyo makaburi ishirini hugeuka kuwa familia nne au tano.

Tarehe huandikwa kwa herufi zenye thamani ya namba, na mara nyingi elfu tano za mwanzo huachwa bila kuandikwa. Mwaka wa Kiyahudi huanza kati ya Septemba na Oktoba, kwa hiyo ili kupata mwaka wetu utatoa 3761 kwa miezi inayoangukia kabla ya Januari, na 3760 kwa miezi iliyobaki. Chukua mfano wa bamba la sinagogi la Kahal Shalom, linalotaja mwezi wa Kislev mwaka 5338: Kislev huangukia Novemba au Desemba, basi 5338 ukitoa 3761 ni 1577. Wayahudi wa Rhodes walipakiwa kwenye mashua mwezi wa Av mwaka 5704, na Av huangukia Julai au Agosti, kwa hiyo unatoa 3760 na kupata 1944. Hilo ni somo la hesabu na la historia kwa pamoja, na sidhani kama kitabu chochote cha darasani kingelifundisha vizuri zaidi.

Kila picha ipewe namba, na namba hiyo iwekwe kwenye mchoro wa makaburi, vinginevyo baada ya mwaka hakuna atakayejua jiwe lipi ni lipi. Wazee wa mji waulizwe pia, maana wengi wanamkumbuka Rabi Moïse Levy, mzaliwa wa Rhodes aliyeongoza jumuiya hiyo kuanzia mwaka 1937 hadi 1991, na wakianza naye watawakumbuka na waliozikwa.

SWALI: Baba yangu alizaliwa Katanga miaka ya hamsini, mama yake Mkongo, baba yake mfanyabiashara Myahudi wa Rhodes. Alilelewa katika misheni, mbali na wazazi wote wawili, na hataki kusema lolote. Mimi naishi Brussels, na nimesikia kwamba watoto wa ndoa ya babu wanaishi mji huuhuu. Je, ni vibaya kutafuta bila baba kujua? Na kipimo cha vinasaba kitasaidia? — Mwana, Brussels

JIBU: Ndugu yangu, barua yako niliisoma mara kadhaa kabla ya kuijibu.

Kimya cha baba yako kina sababu mbili zilizokutana katika mtu mmoja. Upande wa baba yake kuna jumuiya iliyoangamizwa, ambayo wengi wa walionusurika walikaa muda mrefu bila kusimulia hata kwa watu wa nyumbani mwao. Sami Modiano, aliyezaliwa Rhodes mwaka 1930, akapelekwa Auschwitz akiwa mtoto na baada ya vita akaishi Kongo, alikaa miongo mingi kabla ya kuanza kuwaeleza vijana wa Italia yaliyompata. Upande wa pili kuna siasa ya ukoloni wa Ubelgiji, iliyowatenga watoto wa baba mzungu na mama Mwafrika, ikawapeleka wengi wao misheni mbali na mama zao. Tarehe 4 Aprili 2019 Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Charles Michel, aliomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali, na Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels iliamua, katika kesi ya wanawake watano, kwamba kutekwa kwao utotoni kulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Pengine baba yako hajui kwamba jambo alilolibeba kama aibu yake limekwisha kuitwa kosa la dola. Mweleze hilo kabla ya kumwuliza chochote, kisha mwachie muda.

Kuhusu kutafuta bila yeye kujua, nitasema wazi kwamba sikushauri. Faili la utoto wake, kama lipo, ni lake kwanza. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ubelgiji imepewa kazi ya kuwasaidia watoto hao wa zamani, na watoto wao, kupata nyaraka zao, na iko mji unaoishi. Muulize kama angependa uombe kwa niaba yake, umwambie pia kwamba anaweza kulipokea faili bila kulifungua. Akikataa, bado unazo njia ambazo hazimgusi yeye: historia ya babu yako kabla ya kufika Kongo, wazazi wake, mtaa wa Wayahudi wa Rhodes ambao Wayahudi wenyewe waliuita La Judería, na majina ya ndugu zake waliouawa. Hizo ni habari za babu, nawe ni mjukuu wake.

Kipimo cha vinasaba kinaweza kusaidia, lakini kitumie kwa uangalifu mkubwa. Familia za Rhodes zilioana wao kwa wao kwa karne nyingi katika mtaa mdogo, kwa hiyo matokeo yatakuonyesha ndugu wengi kuliko ulio nao, na mtu atakayetajwa kuwa binamu wa karibu anaweza kuwa jamaa wa vizazi vingi nyuma. Matokeo yatakayokuwa na uzito ni yale ya baba mdogo, shangazi au binamu wa kwanza. Kumbuka pia kwamba ukipima wewe umempima baba yako nusu, na ndugu wengine bila wao kutaka.

Watoto wa ndoa ya babu waandikie barua, usiwapigie simu wala usiende mlangoni. Huenda hawajawahi kusikia kwamba baba yao alikuwa na mtoto Katanga, au walisikia wakaambiwa wasiulize. Waandikie kwa Kifaransa, ukurasa mmoja, ueleze wewe ni nani na umejuaje, useme bayana kwamba huombi mali wala urithi, na uweke nakala ya picha moja ya baba yako akiwa kijana. Wasipojibu kwa mwaka mzima, watumie ya pili yenye maneno machache zaidi. Ila barua ya kwanza isitoke kabla baba yako hajakubali picha yake iwemo ndani.